Somo: Mkutubi Mpya wa Mwanza Aanzie Wapi Kutafuta Mafunzo na Wenzake wa Kazi

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wakutubi waliohitimu karibuni, ama katika Chuo cha Ukutubi na Nyaraka cha Bagamoyo ama katika vyuo vikuu vyetu, ambao wamepata kazi Mwanza na mikoa ya jirani kisha wakajikuta hawana wa kumuuliza. Mhasibu akikwama humkuta mhasibu mwenzake chumba cha pili. Mkutubi wa shule au wa chuo kidogo mara nyingi ndiye mkutubi pekee katika taasisi nzima, na anayemsimamia ni mwalimu wa taaluma au ofisa utawala ambaye kwake katalogi, yaani orodha ya kumwongoza msomaji kwenye vitabu, na daftari la mali ni kitu kimoja. Katika hali hiyo wengi hukimbilia kutazama mbali: mikutano ya Dar es Salaam, ufadhili wa nje, vyeti vya mtandaoni. Mimi ninashauri uanze na jirani, ndipo uende mbali ukiwa na kitu mkononi.

Hatua ya kwanza: Zitembelee maktaba za mji wako

Mwanza ina bahati ambayo wakazi wake hawaitumii. Ipo Maktaba ya Mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ipo maktaba ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Malimbe. Ipo ya chuo kikuu cha afya pale Bugando. Kuna vyuo vya biashara na fedha. Na kuna vituo vya utafiti wa uvuvi na wa magonjwa ya binadamu, ambavyo huzalisha ripoti ambazo huzikuti katika duka lolote la vitabu. Kwa nauli ya daladala unaweza kuona maktaba ya umma, ya chuo kikuu, ya tiba na ya utafiti, yaani aina nne za kazi ambazo darasani ulizisoma kama sura nne za kitabu.

Andika barua fupi kupitia kwa mkuu wako wa kazi, ukitaja siku unayopendekeza na jambo unalotaka kujifunza. Epuka majuma ya mitihani na siku za mahafali, kwa sababu mwenyeji wako atakupokea kwa adabu lakini hatakuwa na muda na wewe. Jambo muhimu kuliko yote ni kwenda na swali moja la kazi, lililokushinda kweli.

Nitatoa mfano. Katika uainishaji wa Dewey, yaani utaratibu wa kuvipa vitabu nambari kulingana na mada, fasihi ya Kiswahili hupewa nambari 896.392 na lugha yenyewe 496.392. Katika maktaba ya Ulaya nambari hizo zinaweza kuwa na vitabu vitano. Kwetu riwaya, tamthilia na diwani hujazana chini ya 896.392 mpaka rafu mbili au tatu zinabeba nambari ileile, na msomaji anayetafuta tamthilia hulazimika kupekua kitabu kimoja kimoja. Je, mwenzako wa Malimbe huongeza tarakimu kulingana na utanzu? Je, wa Maktaba ya Mkoa hutenga riwaya kando na kuzipanga kwa jina la mwandishi peke yake? Hakuna jibu moja lililo sahihi kwa maktaba zote, na ndiyo maana swali hili hufungua mazungumzo. Ukifika na swali la namna hiyo, mwenyeji wako atakupeleka kwenye rafu. Ukifika kusalimia tu, mtaishia ofisini.

Baada ya ziara, rudisha kitu. Sahani ya jirani hairudi tupu, na katika kazi yetu mambo ni hayohayo. Unaweza kumtumia orodha ya vitabu vyako vya ziada ambavyo huenda akavihitaji, au nakala ya sera yako ya kuazimisha, au, kama una subira, mkaanza pamoja orodha moja ya ripoti za uvuvi wa ziwa letu zilizotawanyika katika maktaba zenu. Mtafiti wa sangara au dagaa anayezunguka mji mzima akitafuta ripoti moja atawashukuru, na ninyi mtakuwa mmefanya kazi ya pamoja, ambayo hujenga ujirani kuliko vikao vya kufahamiana.

Hatua ya pili: Chagua ujuzi mmoja na ukae nao mwaka mzima

Nimeona vijana wenye vyeti tisa vya mtandaoni ambao hawawezi kuingiza kitabu katika mfumo wa kompyuta bila kuita mtu. Chagua ujuzi mmoja. Kwa wengi wenu ningependekeza Koha, mfumo huria wa kuendeshea maktaba uliotengenezwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, na zawadi ya aina ambayo mpokeaji naye hutarajiwa kutoa siku moja. Basi ile sahani nimeikuta hata huko. Kwa kuwa haulipiwi leseni, unaweza kuusimika kwenye kompyuta yako mwenyewe ukaufanyia majaribio, ukaingiza vitabu hamsini vya bandia, ukavifuta na kuanza tena, bila kuhatarisha kumbukumbu za mwajiri.

Aliye katika maktaba ya chuo, hospitali au utafiti ajifunze pia Research4Life, mpango unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwemo, kusoma majarida ya kitaaluma ya kimataifa. Tawi lake la afya, Hinari, lilianza mwaka 2002, na mpango huo hutoa masomo ya mtandaoni bila malipo. Mkutubi anayeweza kumkalisha daktari mwanafunzi na kumwonyesha njia ya kufikia makala anayoihitaji kwa dakika kumi hatahitaji kujitambulisha tena katika taasisi hiyo. Kwa maktaba za umma, fuatilia mafunzo ya AfLIA, jumuiya ya vyama na taasisi za maktaba barani Afrika yenye makao Accra.

Hatua ya tatu: Jiunge na chama

Hapa sitakaa sana. Chama chetu cha taifa cha wakutubi kilizaliwa mwaka 1973, baada ya kile cha pamoja cha Afrika Mashariki kuvunjika na kila nchi kushika njia yake. Mwaka uliofuata wakutubi wakaona kwamba hawawezi kukaa bila kukutana, ndipo mkutano wa SCECSAL, unaozijumuisha nchi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ukafanyika kwa mara ya kwanza Dar es Salaam. Kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili. Lipa ada yako ya chama mapema, mwanzoni mwa mwaka, tunza stakabadhi, na uulize kama kuna wanachama wengine katika mkoa wako.

Hatua ya nne: Nenda mkutanoni ukiwa na kazi

Mkutano wangu wa kwanza niliuharibu mwenyewe. Nilisafiri siku nzima kwa basi, nikakaa siku tatu nikila meza moja na wenzangu wawili tuliotoka nao Mwanza, nikarudi na mkoba, kalamu na cheti cha kuhudhuria. Niliporudi na kuulizwa nimekutana na nani, nilitaja majina mawili, yote ya watu ninaoishi nao mtaa mmoja.

Mara ya pili nilikwenda na mada ndogo kuhusu vitabu vinavyorudishwa vikiwa vimelowa wakati wa masika. Haikuwa mada kubwa, lakini watu watatu walinifuata baada ya kikao, kwa sababu nao walikuwa na tatizo hilo, na mmoja wao tunaandikiana mpaka leo. Kwa hiyo usingoje mpaka uwe na utafiti mkubwa. Angalia meza yako ya kuazimisha: wanaokuja ni akina nani, wanakosa nini, mwezi gani wanapungua na kwa nini. Hesabu kwa miezi sita, kisha andika ikisiri ya aya moja yenye tatizo, ulichofanya na ulichokiona. Tarehe ya mwisho ya kupokea ikisiri huwa miezi kadhaa kabla ya mkutano, na wengi hukosa nafasi kwa kuchelewa, hata wale wenye jambo zuri la kusema.

Hatua ya tano: Fedha na ruhusa

Ombi la fedha lipelekwe wakati bajeti inaandaliwa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai, kwa hiyo anayeomba Agosti anaomba fedha ambazo tayari zimepangiwa kazi nyingine. Ambatisha mwaliko, ratiba na mchanganuo wa nauli na ada, na uahidi ripoti ya ukurasa mmoja. Ripoti hiyo uiandike kweli.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Ukerewe: Shikamoo mwalimu. Mimi si mkutubi wa kusomea. Ni mwalimu wa Kiswahili niliyekabidhiwa funguo za maktaba ya shule. Je, somo hili linanihusu, hasa ukizingatia kwamba kuvuka kwenda Mwanza na kurudi kunanimalizia siku?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Linakuhusu zaidi, kwa sababu aliyesomea angalau ana madaftari ya chuo. Kuishauri na kuisaidia maktaba kama yako ni miongoni mwa kazi za Bodi ya Huduma za Maktaba, basi anza na Maktaba ya Mkoa. Njoo wakati wa likizo, ulale mjini siku mbili, na uje na orodha ya vitabu ishirini ambavyo hujui uviweke wapi. Ukirudi kisiwani, mtafute mwalimu mwingine mwenye funguo kama zako.

Mwanachama wa Musoma: Habari za kazi, mwalimu. Nimo katika makundi sita ya WhatsApp ya wakutubi. Nikisoma salamu za asubuhi, rambirambi na matangazo ya kazi yaliyopitwa na wakati, sioni faida. Nijitoe?

Jibu: Salama. Rambirambi usizibeze, maana ndizo zinazoonyesha kwamba hao ni wenzako. Baki katika makundi mawili, na mara moja kwa mwezi uliza swali la kazi lenye picha: ukurasa wa jina la kitabu kilichokutatiza, au ujumbe wa kosa uliotokea katika mfumo. Anayekujibu vizuri, mwandikie kando. Katika kundi la watu mia mbili unahitaji watu wanne tu.

Mwanachama wa Nyegezi: Mwalimu, mkuu wangu anaona kutembelea maktaba nyingine ni njia ya kutoroka kazini. Alinikatalia barua mbili.

Jibu: Ombi lako huenda lilisema unakwenda kujifunza, na neno hilo kwa mkuu mwenye upungufu wa watumishi husikika kama likizo. Andika upya, utaje tatizo analolijua yeye: vitabu vinavyopotea, malalamiko ya wanafunzi, ukaguzi unaokuja. Omba nusu siku tu. Akikataa tena, mwalike mkutubi wa jirani aje kwenu, kwani hilo halihitaji uondoke, na mkuu wako akimsikia mgeni akisema yale unayosema wewe kila siku, atayachukulia kwa uzito mwingine. Inauma kidogo, lakini inafanya kazi.

Mwanachama wa Bukoba: Shikamoo. Ninatamani sana kuhudhuria kongamano la dunia la IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba. Nianze kuweka akiba?

Jibu: Marahaba. Akiba weka, lakini usiipangie safari hiyo kwanza. IFLA ilianzishwa Edinburgh mwaka 1927, na kongamano lake huhama nchi kwa nchi. Lilifika Nairobi mwaka 1984, Durban mwaka 2007 na Cape Town mwaka 2015, kwa hiyo unaona jinsi lisivyotupitia mara kwa mara. Gharama ya kulifuata ng'ambo ni kubwa kwa mshahara wa mkutubi anayeanza. IFLA ina kundi la wakutubi wapya, na vikao vyake vingine hufanyika mtandaoni. Ingia huko kwanza. Akiba yako ya mwaka huu ipangie SCECSAL, au hata meli ya kuja Mwanza: niandikie wiki moja kabla, uje na lile swali moja, nami nitakupeleka Malimbe na Bugando kwa siku moja.