SOMO: Umeshonwa meniskasi ya goti, sasa nini? Hatua kwa hatua mpaka kurudi uwanjani

Wakuu, habari za jioni. Kila wiki napokea ujumbe wa aina moja: "Kaka, nimefanyiwa goti, nitatembea lini?" Nimejibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja na wote nitawaelekeza hapa. Mimi si daktari. Niligeuka vibaya kwenye bonanza la Jumapili, goti la kulia likajifunga halinyooki wala halikunjiki, nikashonwa meniskasi ya upande wa ndani, nikala miezi sita ya mazoezi tiba. Karatasi ya daktari wako ikipishana na maneno yangu, fuata karatasi.

Kabla ya yote: umeshonwa au umekatwa?
Kila goti lina meniskasi mbili, vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vimekaa kati ya mfupa wa paja na wa ugoko kupokea uzito. Ikichanika, daktari ama anaondoa kipande kilichochanika, ama anakishona. Aliyekatwa hana kidonda cha kusubiri kiungane, ndiyo maana wengi wao wanatembea ndani ya siku chache. Aliyeshonwa anasubiri nyama ishikane, na inashikana taratibu. Karibu ushauri wote mbovu mtaani unatoka kwa mtu aliyekatwa akimshauri aliyeshonwa. Kama hujui ulifanyiwa kipi, rudi ukaulize kabla hujainuka kitandani.

Hatua ya 1: Siku za mwanzo. Inua mguu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, kunywa dawa ulizoandikiwa, usiloweshe kidonda.

Na usikubali kukandwa. Najua nyumbani kuna bibi au shangazi ameshachemsha maji. Mwambie kwa upole kwamba maji ya moto yataongeza uvimbe, na kuchua kigimbi baada ya upasuaji ni hatari kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Kigimbi kikivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukibanwa na pumzi au kifua kikichoma, usisubiri hata kukuche. Homa, au kidonda kutoa usaha: hospitali.

Hatua ya 2: Magongo na bresi (kile kifaa kinachofungwa kuzunguka goti kulishikilia). Gongo lisikuguse kwapani, acha nafasi ya vidole viwili au vitatu, uzito ubebwe na viganja. Ngazi: kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mgonjwa. Bresi ifungwe ikiwa imenyooka kila unapotembea. Uzito kiasi gani ukanyage inategemea mchaniko: wengine wanaruhusiwa mapema, wengine, hasa walioshonwa kwenye mzizi wa meniskasi, yaani pale inapojishika kwenye mfupa, hawakanyagi kabisa kama wiki 6. Hilo usilikisie.

Hatua ya 3: Kunyoosha goti. Someni hapa taratibu.
Hapa ndipo nilipoharibu. Nikiwa nimelala, goti lilitulia zaidi likiwa limekunjwa kidogo, na mama mkwe wangu, kwa upendo kabisa, akawa ananiwekea mto chini ya goti. Raha tupu. Nililala hivyo karibu wiki tatu. Nilipokwenda kliniki, mtaalamu akanilaza chali, akabonyeza goti, likagoma kushuka. Nyuma ya goti pangeweza kupita ngumi. Nilishangaa, maana nilikuwa nimeweka akili yote kwenye kukunja, na kumbe kunyooka ndiko kulikokuwa kunanitoroka.

Goti lisilonyooka mpaka mwisho linakufanya uchechemee, msuli wa mbele wa paja unasinyaa, na pia ya goti inaanza kuuma. Kurudisha zile nyuzi chache za kunyooka kulinichukua wiki saba, kwa maumivu ambayo upasuaji wenyewe haukunipa. Kwa hiyo:

- Mto au taulo lililokunjwa likae chini ya KISIGINO, goti likining'inia hewani lishuke lenyewe. Dakika 10, mara kadhaa kwa siku.
- Ukiwa hivyo, kaza msuli wa paja kana kwamba unataka kukandamiza kitanda kwa nyuma ya goti. Hesabu mpaka 5, achia. Msuli usipoitika siku za kwanza usiogope, uvimbe huwa unaulaza.
- Mwambie kila anayekuuguza. Mgonjwa ukisinzia, wao ndio wanaopanga mito.
- Wiki mbili zikipita na goti bado halilingani na lenzake, nenda kwa mtaalamu. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Hatua ya 4: Kukunja. Wengi wanawekewa mpaka wa nyuzi 90 kwa wiki 4 hadi 6, yaani kama ulivyokaa kwenye kiti cha kawaida. Usivuke, hata kama haliumi. Kutouma si kupona.

Hatua ya 5: Wiki ya 6 kuendelea. Magongo yanaachwa ukiwa huchechemei, si kwa sababu kalenda imefika. Baiskeli ya mazoezi, ile isiyotembea, bila uzito, kuinua visigino, kuchuchumaa robo tu ukiwa umeshika meza.

Hatua ya 6: Miezi ya 4 hadi 6. Kukimbia mstari mnyoofu huja karibu mwezi wa 4, kugeuka na kugombea mpira karibu wa 6, kama goti halivimbi na paja limerudi. Pima mapaja yote mawili kwa futi ya fundi cherehani, vidole vinne juu ya pia ya goti. Mimi tofauti ilinitisha.

MASWALI

Beki3: Mkuu sijasoma yote, ni ndefu. Nina wiki ya tatu, haliumi kabisa. Jumapili tuna mechi, naweza kuingia hata dakika 20?

Hapana. Soma hatua ya 4.

Beki3: Hata golini?

Hapana.

Mzalendo wa Kahama: Unatisha watu bure. Jirani yangu alifanyiwa hiyo hiyo meniskasi, wiki ya nne alikuwa anakimbia.

Muulize jirani kama alishonwa au alikatwa. Nimeanza na hilo kabla ya hatua ya kwanza. Wapenzi wa kikapu wanamkumbuka Derrick Rose wa Chicago Bulls: Novemba 2013 alichana meniskasi ya goti la kulia, ikashonwa, akakosa msimu wote uliobaki. Februari 2015 ikachanika tena pale pale, safari hii ikakatwa, na Aprili alikuwa uwanjani. Mtu mmoja, goti moja. Sijatunga ili kumtisha mtu.

BintiTanga: Kaka, asante sana kwa somo. Baba yangu ameshonwa, ana miaka 52, na choo chetu ni cha kuchuchumaa. Pia anaumia moyo kwa kukosa kusujudu. Tufanyeje?

Dada, umeuliza jambo ambalo karatasi ya hospitali haikuniambia. Choo: chukueni kiti cha plastiki kigumu, mkate tundu katikati ya kikalio, mlainishe kingo, mkiweke juu ya shimo. Sakafu iwe kavu, na mtu amshikie kiti siku za kwanza. Mguu mgonjwa aunyooshe mbele, ndoo ya maji iwe upande wa mguu ulio mzima. Kuchuchumaa kabisa asifikirie kabla ya mwezi wa 4, na arudi kwa ruhusa, kwa sababu goti likikunjwa sana na kubeba mwili, sehemu ya nyuma ya meniskasi inabanwa, na ndipo nyuzi nyingi za mshono zilipo. Sala: aswali kwenye kiti, mguu mbele, rukuu na sijida kwa kuinama. Mgonjwa ana ruhusa hiyo. Mpe shikamoo yangu.

BintiTanga: Nimemsomea, amefurahi. Na kwenda kliniki? Daladala hawezi.

Bajaji, akae kiti cha nyuma peke yake kwa kupandisha mguu juu ya kikalio. Bodaboda hapana.

Mwl. wa Biolojia: Kwa nini wengine wanashonwa na wengine wanakatwa? Na fizio wangu (mtaalamu wa mazoezi tiba) amenikataza kuvuta kisigino kwenda makalioni kwa mpira wa mazoezi, sababu ni nini?

Mwalimu, la kwanza ni damu. Ukingo wa nje wa meniskasi una mishipa ya damu, sehemu ya ndani haina. Mchaniko wa ukingoni una chakula cha kuponea, wa ndani mara nyingi hauna, kwa hiyo kuushona ni kama kupandikiza mche kwenye mwamba. La pili: mmoja wa misuli ya nyuma ya paja umejishika kwenye meniskasi ya ndani. Ukiukaza kwa nguvu kukunja goti, unavuta meniskasi nyuma na kuzisumbua nyuzi za mshono. Ndiyo maana zoezi hilo linacheleweshwa mpaka meniskasi iungane. Fizio wako anajua kazi.

Mama Shamba: Bamia na supu ya kongoro vinarudisha ute wa goti?

Bamia ni mboga nzuri, lakini ule mlenda unameng'enywa tumboni kama chakula kingine, haufiki gotini. Paja lililosinyaa linahitaji protini: maharage, dagaa, mayai. Kongoro kunywa kama unaipenda.

Beki3: Nimesoma yote sasa. Samahani mkuu. Nilikuwa nalala na mto chini ya goti, nimeutoa.

Safi sana. Lala chali, mtu aangalie kama nyuma ya goti pameshuka sawa na mguu mwingine. Kama pamebaki nafasi, kesho asubuhi kliniki.

Dereva Mstaafu: Nyongeza. Mpira wa chini ya gongo unaisha haraka, nimeteleza mara mbili kwenye vigae. Nilipeleka kwa fundi wa katambuga akanikatia kipande cha tairi.

Shikamoo mzee, nashukuru kwa hilo. Wakuu, mpira ukishaanza kuwa laini kama kigae wenyewe ubadilisheni. Mzee, alikibana kwa msumari au kwa gundi?

Dereva Mstaafu: Marahaba. Gundi na uzi, kashona pembeni kama kiatu. Msumari unatokeza chini.