Somo: Kuosha pua kwa maji ya chumvi, kwa tuliopo nyanda za juu

Baridi imeingia na pua zimeanza visa vyake. Juni na Julai ni mafua na moshi wa kuni, kisha vumbi linapokea zamu. Wengi hukimbilia matone ya kuzibua pua, wanayatia wiki tatu mfululizo, halafu wanashangaa pua inaziba kuliko mwanzo. Matone hayo yasizidi wiki moja. Maji ya chumvi unaweza kuyatumia kila siku.

Maji. Nakaa hapa kidogo, maana hatari yote iko hapa. Maji ya bomba, kisima au mto usiyapandishe puani yakiwa mabichi, hata kama huwa unayanywa na huumwi. Tumboni kuna asidi inayoua vijidudu vingi, puani haipo. Kuna amiba aitwaye Naegleria fowleri: ni nadra sana, lakini akipitia puani hupanda hadi kwenye ubongo, na karibu wote wanaompata hufa. Vidonge vya kutibu maji ya kunywa usivitegemee kwa kazi hii. Chemsha.

Na huku juu maji yanatokota mapema. Njombe, kwenye mita kama 2,000, yanatokota kwenye nyuzi 93 hivi, siyo 100 kama Dar. Mbeya na Iringa mjini dakika moja ya kutokota inatosha. Njombe na Makete ni dakika tatu. Mimi naacha tatu popote nilipo, kuni zenyewe ndizo hizohizo. Funika, yapoe humohumo sufuriani.

Chumvi. Nusu lita ya maji, robo tatu ya kijiko cha chai, kijiko kisiwe na kilima. Onja: yawe na chumvi kama machozi. Yakipungua chumvi yanachoma, yakizidi yanachoma pia. Chumvi ya kawaida yenye madini joto haina ubaya. Magadi ya kupikia maharage usiguse kabisa.

Kuosha. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, sindano yenyewe tupa. Nawa mikono. Maji yawe vuguvugu, yajaribu kwenye kifundo cha mkono. Ya baridi yanaumiza na yanaweza kukupa kizunguzungu. Inama juu ya beseni, geuza kichwa ubavu, pumua kwa mdomo. Sukuma taratibu kwenye tundu la juu, ukielekeza nyuma ya kichwa, siyo juu kwenye paji. Maji yatatokea tundu la pili na kamasi zake. Mengine yakishukia kooni, tema. Geuza upande. Ukimaliza penga taratibu, bila kubana tundu lolote. Yaliyobaki mwaga, bomba lioshe likauke.

Maswali ya wadau

*Maji ya chupa ya dukani je, si masafi?*
Masafi ya kunywa, mkuu. Yachemshe pia, isipokuwa yaliyoandikwa kuwa yametoneshwa (distilled).

*Shikamoo dada. Nikiosha, sikio linaziba.*
Marahaba mdogo wangu. Unasukuma kwa nguvu. Punguza, na usimeze mate wakati maji yanapita. Kama sikio linauma au linatoa usaha, acha kabisa uende ukapimwe.

*Mwanangu ana miaka mitatu, pua imeziba usiku kucha.*
Usimlazimishe bomba, mama. Matone mawili matatu ya maji hayohayo kila tundu, kisha mfute.

*Nafunga Ramadhani, nifanyeje?*
Osha baada ya kufuturu, lakini isiwe unapanda kitandani. Maji hubaki ndani na kuchuruzika baadaye, yape saa moja. Ya mchana muulize sheikh wako.

*Nimeosha wiki mbili, uso bado unauma upande mmoja na kamasi ni ya kijani.*
Zikipita siku kumi bila nafuu, nenda hospitali. Na ukiona jicho limevimba, unaona viwili viwili, au homa kali na shingo imekakamaa, nenda leo hii, usingoje kesho.