Unatoka jeshini na fani yako ni mawasiliano? Haya yamalize kabla hujasaini DD-214

Wadau, naandika hii kwa ndugu zetu walioingia jeshi la Marekani, wengi kwa green card, wakaangukia mawasiliano, na sasa mkataba unaelekea ukingoni wanataka kazi ya IT uraiani. Mimi nimekaa ofisi ya S6, yani ofisi ya mawasiliano ya kikosi, miaka 6 na tangu nitoke hazipiti wiki nyingi bila mtu kunipigia, "kaka natoka mwezi ujao, nianzie wapi", na inaniuma kweli kwasababu mwezi ujao ni kuchelewa. Vitu vingi vizuri unavipata ukiwa bado umevaa gwanda, siku umesaini DD-214, ile karatasi ya kutoka jeshini, vinafungwa na vingine havifunguki tena. Jeshi lenyewe linataka uanze TAP, yani mafunzo ya kujiandaa kurudi uraiani, siku 365 kabla, lakini kwa mtu wa fani yetu mimi nasema anza miezi 18 kabla, na usisubiri sajenti wako akukumbushe maana ana mambo yake.

La kwanza kabisa ni uraia. Kama wewe ni 25B, namba ya fani ya IT jeshini, ushapita hapo, bila uraia hiyo fani hupewi. Ila najua wengi ambao kwa karatasi ni madereva au watu wa stoo, alafu kombania ikawakabidhi redio na kompyuta kwasababu walionekana wanajua, na hadi leo bado wana green card tu. Ndugu yangu, jaza N-400, fomu ya kuomba uraia, ukiwa ndani, kwa mwanajeshi haina ada, na fomu ya N-426 ya kuthibitisha utumishi wako inasainiwa na jeshi lenyewe. Bila uraia hakuna klirensi, yani kile kibali cha kushika mambo ya siri, na bila klirensi sehemu kubwa ya kazi za makontrakta wa jeshi huwezi hata kuitwa. Mkenya anaweza kubaki na uraia wa nyumbani, katiba ya 2010 inamruhusu, ila Mtanzania akichukua wa Marekani wa kwetu unaondoka, kwahiyo ongea na mzee na mama mapema, usiwaambie baada ya kula kiapo.

Na hiyo klirensi, kama unayo, itunze. Waajiri wengi wanahesabu miaka 2 toka ulipotoka, ukikaa nje zaidi ya hapo bila kazi inayoitumia kuna hatari uanze upya. Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna jambo moja linalotukwamisha, ile fomu ya SF-86 ya kuombea klirensi. Inauliza ndugu walioko nje, inauliza mali ulizonazo nje, inauliza kama unamsaidia kwa hela mtu asiye raia wa Marekani. Sasa nani kati yetu hatumi hela nyumbani? Kiwanja cha Kibaha, nyumba unayojenga Kilifi, ada ya mdogo wako, vyote viandike. Kuwa na ndugu Tanga sio kosa, kosa ni kuficha. Weka daftari la tarehe za safari, majina kamili na anwani za ndugu, itakuokoa usiku mwingi.

Vyeti. Kama bado huna Security+ ya CompTIA, cheti cha msingi cha usalama wa kompyuta na mitandao, kaifanye ukiwa ndani, jeshi lina mpango wa kulipia vyeti, ofisi ya elimu ya kambi watakuelekeza. Wizara ya ulinzi ilikuwa inaidai kwa kazi nyingi za mitandao chini ya agizo la 8570, na huu utaratibu mpya wa 8140 bado unaitambua, kwahiyo kwa makontrakta hicho cheti ni kama kitambulisho cha mlangoni. Kinaisha baada ya miaka 3, angalia tarehe yako isije ikaisha mwezi uleule unatafuta kazi. Baada ya hapo kama moyo wako uko kwenye mitandao chukua CCNA ya Cisco, usirundike vyeti 6 vidogovidogo ambavyo kwenye intavyuu huwezi kuvitetea. Kuna O2O pia, mpango unaosimamiwa na Syracuse University, unasoma bure na mtihani wanakulipia, hata mke au mume wako anaruhusiwa, na hili la mke wengi hawalijui kabisa.

Sasa CV, hapa nitakaa kidogo kwasababu ndipo nilipoumia. Intavyuu yangu ya kwanza nilikaa mbele ya watu watatu nikaanza kueleza nilivyokuwa nasimamia JNN na STT (mitambo ya mtandao na setilaiti), nikataja SINCGARS (redio), nikataja SKL (kifaa cha kuingiza funguo za usimbaji), nimenyooka kama niko gwaride. Walinisikiliza kwa heshima wakanishukuru, hawakunipigia tena. Nilikaa na hilo jambo wiki nzima ndio nikaelewa, hawakuelewa hata neno moja, na kazi niliyofanya ilikuwa kubwa kuliko ile waliyokuwa wanatangaza. JNN ukiifungua ndani ni nini? Ni ruta na swichi, VLAN, simu za IP, na juu yake kiungo cha setilaiti chenye ucheleweshaji unaopaswa kuujua. Kwahiyo andika hivyo. Andika watumiaji walikuwa wangapi, uliwasha mtandao kwa saa ngapi, kutoka gari kupaki hadi simu ya kwanza kupita, tiketi ngapi ulifunga kwa wiki, seva ngapi. Kama ulikuwa unatunza COMSEC, yani vitu vya usalama wa mawasiliano, sema ulitunza funguo za usimbaji na vifaa vyake, ulikaguliwa, hakuna kilichopotea, maana uraiani kuna watu wanaitwa wakaguzi wa usalama wa taarifa na kazi yao inafanana na hiyo kuliko unavyodhani. Ila masafa, mahali kikosi kilipokuwa, jina la opereshini, hivyo viache, hata LinkedIn usiweke. Mwajiri mzuri akiona unaropoka siri za wenzako anajua na zake utaziropoka.

Kwa wale 25U, fani ya redio na mawasiliano ya kikosi, nataka niseme ukweli kwa upendo. Kuna 25U walioshika mitandao mpaka usiku wa manane, na kuna ambao miaka 4 yote ni kubadilisha betri za redio, kuingiza funguo za usimbaji na kuhesabu antena kwenye kontena. Kama uko kundi la pili sio aibu, hukujipangia wewe, lakini usijiite injinia wa mitandao kwasababu swali la pili tu watakujua. Una njia mbili. Moja, baki na redio, maana mtu aliyekaa na SINCGARS anajua VHF ya 30 hadi 88 MHz kwa mikono yake, anajua kurukaruka kwa masafa, anajua antena ikipinda nini kinatokea, na polisi, zimamoto na kampuni za minara wanahitaji watu wa hivyo, ni kazi ya heshima na wanaoikimbilia ni wachache. Mbili, jenga maabara nyumbani, Packet Tracer ya Cisco ni bure, swichi iliyotumika unaipata kwa bei ndogo, kila siku saa moja na nusu kwa mwaka mmoja, ndio maana nimesema miezi 18.

SkillBridge nayo iombe mapema. Ndani ya siku zako 180 za mwisho unaweza kwenda kufanya kazi kwenye kampuni huku mshahara unaendelea kulipwa na jeshi, ila kamanda lazima akubali na muda unaopewa unategemea cheo na hali ya kikosi, wengi hawapati zote 180. Mimi nashauri uende kwa kamanda na mpango ulioandikwa, nani atashika kazi yako, lini utamfundisha. Ukienda mikono mitupu unamlazimisha akukatalie.

Kwenye siku hizohizo 180 kuna dirisha la BDD la kudai fidia ya afya, linafunguka siku 180 kabla ya kutoka na linafungwa zikibaki 90. Magoti, mgongo wa kubeba redio, masikio ya jenereta, nenda hospitali iandikwe kwenye faili lako. Sisi wengi tumelelewa kuvumilia bila kusema, na kwenye hili uvumilivu unakugharimu.

Hela. Posho ya nyumba na ya chakula zilikuwa hazikatwi kodi, kwahiyo usilinganishe mshahara wa uraiani na ule wa msingi peke yake. Tuseme posho ya nyumba ilikuwa dola 1,500 kwa mwezi, hiyo ni 18,000 kwa mwaka ambayo serikali haikuigusa, uraiani utaitafuta kwa hela iliyokatwa. Bima ya afya unaanza kulipia, bima ya maisha ya SGLI inakufuata siku 120 tu. Weka akiba ya miezi 6, na waambie wa nyumbani mapema kwamba kuna miezi ambayo hutatuma kama kawaida. GI Bill, ile haki ya kulipiwa masomo, una miezi 36, ila ukisoma madarasa ya onlaini peke yake hela ya nyumba inashuka hadi nusu ya wastani wa kitaifa, somo moja la kukaa darasani linabadilisha hesabu. Na kama ulitaka kumpa mtoto hiyo GI Bill, uhamisho unaombwa ukiwa bado ndani, na unaongeza mkataba wa miaka 4.

Alafu fikiria unakwenda kuishi wapi. Kazi za klirensi ziko San Antonio, Huntsville, Colorado Springs, Augusta, Virginia upande wa Washington. Watu wetu wako Dallas, Houston, Minneapolis, Columbus. Nimeona mtu ana klirensi ya juu kahamia karibu na shangazi yake, miaka 2 ikapita hajapata kazi ya kuitumia. Familia ni kitu kikubwa, sikatai, ila kaa na mwenzako mchague mkijua.

Mwisho DD-214 yenyewe. Wanakuletea rasimu, usiisome umesimama korido. Kaa chini, anza na jina, maana majina yetu yanachezewa toka passport ya kwanza, Mohamed ya m moja na ya m mbili, jina la babu likawa la kati. Lazima lifanane na cheti cha uraia herufi kwa herufi. Alafu fani kwenye sanduku la 11, medali la 13, kozi za jeshi la 14, kila kozi uliyosoma kule Fort Gordon, kambi yenye shule ya mawasiliano, iwepo. Kikikosekana kitu sema hapohapo warekebishe, kwasababu ukishasaini marekebisho yanakuja kwa karatasi nyingine, DD-215, na hiyo inachukua muda mrefu wakati mwajiri anaisubiri.