Kuitayarisha Baiskeli ya Mbio kwa Safari Ndefu kutoka Malindi

Baiskeli ya mbio huundwa iwe nyepesi, wala haikukusudiwa kubeba hema, maji na nguo za juma zima. Hata hivyo, anayetaka kutoka Malindi hadi Mombasa, mwendo wa takriban kilomita 120, kisha aendelee hadi Lunga Lunga, hana haja ya kununua nyingine, mradi aanzie kwenye magurudumu kabla ya kufikiria mikoba.

Mzigo mwingi hulielemea gurudumu la nyuma, na spoki za upande wa mnyororo, ambazo hukazwa zaidi kuliko za upande wa pili, ndizo mara nyingi hukatika kwanza. Gurudumu lenye spoki 20 au 24 linafaa mashindano. Kwa mzigo tafuta la spoki 32 au 36, kisha uzibinye mbili mbili kwa vidole, kwani iliyolegea utaitambua papo hapo.

Tairi za milimita 23 ziache nyumbani. Weka za 28, au za 32 ikiwa fremu na breki zina nafasi ya kutosha. Jambo linalowakwamisha wengi ni kwamba tairi za inchi 28 × 1½ zinazouzwa madukani kwa ajili ya baiskeli za mizigo hazikai kwenye baiskeli hii: tairi hizo huhitaji rimu ya kipenyo cha milimita 635, ilhali rimu ya baiskeli ya mbio, iitwayo 700C, ni ya 622. Kwa hiyo beba tairi moja ya akiba inayokunjika, tyubu mbili, viraka, spoki za urefu uleule, na kile kipande kidogo cha shaba kinachoiwezesha vali nyembamba kupokea pampu ya fundi wa kando ya barabara.

Keria hufungwa kwenye matundu ya skrubu ya fremu. Fremu ya chuma isiyo na matundu hayo inaweza kufungiwa vibanio vyenye mpira ndani, lakini fremu ya kaboni usiibane kamwe. Badala yake, tumia mkoba unaofungwa chini ya kiti. Vitu vizito vikae chini, na ukanyage pedali kuhakikisha kisigino hakigusi mkoba.

Kuhusu gia, Pwani yetu haina milima mikubwa, lakini upepo wa kusi humkabili usoni anayeelekea Mombasa, hivyo gia kubwa ya nyuma yenye meno 32 au 34 itamfaa, iwapo kibadilishi chake, yaani kifaa kinachohamisha mnyororo, kinaimudu.

Chumvi ya bahari ni adui wa kila siku. Paka grisi kwenye skrubu zote na kwenye nguzo ya kiti, isipokuwa nguzo hiyo au fremu ikiwa ya kaboni, na kila jioni ufute mnyororo kwa kitambaa kikavu kabla ya kuutia mafuta kidogo, kwa maana mafuta yakizidi hunasa mchanga.

Mwisho, nenda Watamu na urudi ukiwa na mzigo wako wote, kisha ukaze upya skrubu za keria, ambazo hulegea zaidi katika kilomita za mwanzo.