Filamu ya kutazama nyumbani: usichague kwa kuangalia 1080p peke yake

Wengi wakiona 1080p kwenye jina la faili wanaridhika. Namba hiyo inataja ukubwa wa picha tu, pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1920 kwa 1080. Haisemi picha imebanwa kiasi gani, yaani data yake imepunguzwa kiasi gani ili faili liwe dogo. Faili la 720p lililobanwa kwa uangalifu hupendeza kuliko la 1080p lililokamuliwa mno.

Hatua ya 1: Anza na kioo chako. Runinga ya 720p, yaani pikseli 1280 kwa 720, haitakuonyesha zaidi ya hapo hata ukiipa 4K. Kwa simu, 720p inatosha kabisa. Runinga ni kubwa na unakaa karibu nayo? Chukua 1080p. 4K ina pikseli mara 4 ya hizo, lakini ukikaa mbali macho hayaoni tofauti.

Hatua ya 2: Tazama kodeki, yaani mbinu iliyotumika kubana video. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua faili kwa VLC, programu ya kuchezea video, kisha bonyeza Ctrl+J. H.264, ya mwaka 2003, inachezwa karibu kila mahali. HEVC ya 2013 inatoa ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya ukubwa, ila vifaa vingi vya zamani haviiwezi: sauti inaendelea huku picha imeganda, au kioo ni cheusi tupu. AV1 ya 2018 inahitaji kifaa kipya zaidi. Kama hukijui kifaa, nenda na H.264.

Hatua ya 3: Piga hesabu. Hii ndiyo hatua ninayoitegemea kuliko zote. Chukua ukubwa wa faili kwa megabaiti, zidisha kwa 8, gawanya kwa sekunde za filamu. Filamu ya saa 2 ina sekunde 7200. Ikiwa na megabaiti 4500, unapata megabiti 5 kwa sekunde, yaani kiasi cha data kilichotengewa kila sekunde ya filamu. Kwa 1080p ya H.264 naikubali bila wasiwasi. Filamu hiyohiyo ikiwa na megabaiti 900, ni megabiti 1 tu. Hapo achana na 1080p, tafuta 720p.

Hatua ya 4: Ijaribu gizani. Ruka hadi tukio la usiku, moshi au maji yanayotembea, kisha sitisha. Angalia ukuta wenye kivuli: kivuli kinafifia taratibu, au kimekatika vipande vya miraba? Miraba ni dalili ya kubanwa kupita kiasi. Usihukumu kwa matukio ya juani, kwani huko hata faili baya linapendeza.

Hatua ya 5: Flashi. Yenye mfumo wa mafaili wa FAT32 haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi. Iformati kwa mfumo wa exFAT kama runinga yako inaisoma, na uhamishe vilivyomo kwanza, maana vyote vitafutika.

Hatua ya 6: Runinga yenyewe. Weka modi ya filamu, kisha zima ulainishaji wa mwendo. Filamu nyingi za sinema ni za fremu (picha tuli) 24 kwa sekunde. Runinga ikibuni fremu za katikati, mwendo wa waigizaji unapoteza uhalisia. Punguza na ukali wa picha pia. Ukiupandisha, haurudishi undani uliopotea; unachora kingo nyeupe kuzunguka nyuso na maandishi.