Jinsi ninavyosoma jaribio la tiba ya uchovu sugu, dakika kumi na tano kwa mkupuo

Huu ni mwaka wangu wa tisa na ugonjwa huu. Nasoma nikiwa nimelala, dakika kumi na tano, kisha nazima simu na kufumba macho. Makala ya kitabibu siwezi kuimaliza kwa siku moja, kwa hiyo ilinibidi nijifunze pa kuanzia. Nilijifunza kwa kuungua. Miaka ya mwanzo shemeji yangu alinitumia muhtasari wa jaribio moja, kwa nia njema kabisa, nikauamini wote. Nikaanza kuongeza matembezi kila wiki. Wiki ya nne kikombe cha chai kilinishinda kukiinua.

Basi muhtasari uache mwisho. Kwanza tafuta itifaki, yaani maandishi ambamo watafiti walieleza watapima nini kabla ya matokeo kujulikana. Chukua karatasi, chora mistari miwili: wa juu "alama za kuingia", wa chini "alama za kupona". Jaza namba. Ukiishia hapo tu kwa siku hiyo, umefanya kazi kubwa.

Nikupe mfano wa PACE, jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 641, matokeo yake yakatoka katika jarida la The Lancet mwaka 2011. Lilikuwa na makundi manne; mawili kati yake yalipewa tiba zilizosifiwa baadaye: mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua, na tiba ya kubadili fikra na mwenendo. Uwezo wa mwili ulipimwa kwa dodoso la alama 0 hadi 100. Ili uingie, ulitakiwa uwe na alama 65 au pungufu. Itifaki ya mwaka 2007 ilisema aliyepona atafikisha 85. Makala ya kupona ilipotoka mwaka 2013, 85 imekuwa 60.

Zisome tena zile namba. Mtu aliyeingia na 65, akashuka mpaka 60, kwa kipengele hicho alihesabika amevuka. Vilikuwepo vipengele vingine, ni kweli, na watafiti walijitetea kwamba kizingiti cha mwanzo kilikuwa kikali mno. Lakini hiyo 60 ilitokana na wastani wa watu wa kawaida, wakiwemo wazee na wenye maradhi, ukapunguzwa kwa mkengeuko mmoja, yaani kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Siku nilipoielewa hesabu hiyo nilicheka peke yangu, kisha nikalala saa tatu.

Mgonjwa mmoja wa Australia, Alem Matthees, aliomba takwimu zenyewe. Chuo cha watafiti hao kilikataa, shauri likafika kwenye baraza la rufaa, na mwaka 2016 ikaamriwa zitolewe. Waliokokotoa upya kwa kufuata itifaki ya awali walikuta waliopona, waliotajwa kuwa asilimia 22 katika kila moja ya tiba zile mbili, wamebaki asilimia 7 kwa tiba ya fikra na 4 kwa mazoezi. Waliopata huduma ya daktari peke yake walikuwa 3. Tofauti ndogo hivyo yaweza kuwa bahati tu.

Jambo la pili: nani anatoa alama, na je, anajua amepewa nini? Katika PACE mgonjwa alijua tiba yake, na ndiye aliyejaza dodoso. Nami ukinifundisha mwaka mzima kuuona uchovu wangu kwa jicho jingine, kisha ukaniuliza nimechoka kiasi gani, nitakujibu kwa jicho hilo. Kwa hiyo ruka mpaka kwenye vipimo visivyotegemea maoni. Kundi la mazoezi lilitoka wastani wa mita 312 hadi 379 kwa kutembea dakika sita. Ni nafuu, sikatai, ila wazima wengi hupita 500.

Usidhani nawaandama wa mazoezi tu. Rituximab, dawa inayopunguza aina fulani ya seli za kinga ya mwili, niliiombea dua. Jaribio dogo la Norway la mwaka 2011, wagonjwa 30, lilitupa matumaini makubwa. Watafiti walewale wakarudia kwa wagonjwa 151, bila mgonjwa wala daktari kujua nani amepata dawa halisi. Mwaka 2019 jibu likaja: waliopata nafuu kwa dawa ni asilimia 26, kwa dawa bandia, ile isiyo na dawa ndani yake, 35. Waliandika hivyohivyo, wazi. Nililia, na nikawaheshimu.

La mwisho ni fupi: angalia nani alikubaliwa kuingia. Vigezo vya PACE vilidai miezi sita ya uchovu, havikulazimisha kuzidiwa baada ya kujituma, na kwangu hilo ndilo ugonjwa wenyewe. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, wa Oktoba 2021, unalidai, na umeondoa mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua.

Juzi shemeji kanitumia muhtasari mwingine. Nimemjibu: "Nitafutie namba mbili, ya kuingia na ya kupona." Bado anatafuta.