Somo: Kupangisha nyumba kwa wageni wa siku chache Mbeya, tuanze na baridi

Ndugu zangu, wengi mmeniuliza habari ya kupanga nyumba, kuiwekea vitanda na vyombo, kisha kuipangisha kwa siku. Kazi hii naifanya hapa Mbeya, kwa hiyo naeleza kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Dar mgeni anauliza kama kuna AC. Huku simu inaanza na "maji ya moto yapo?"

Hatua ya 1: Mjue mgeni kabla ya nyumba

Watalii wa Ziwa Ngozi na Kitulo wapo, ila usiwategemee wakulipie pango. Wageni wangu wengi ni ndugu wa wagonjwa waliopewa rufaa kutoka Rukwa na Songwe, watu wa semina, wafanyabiashara wa njia ya Tunduma, na wazazi waliokuja mahafali ya chuo. Mwanzoni mwa Agosti, Nane Nane ikiwa viwanja vya John Mwakangale, vitanda vinagombaniwa mji mzima. Sasa angalia: anayeuguza anataka kufika hospitali kwa miguu na kupika uji asubuhi. Mfanyabiashara anataka geti pana, gari lake lilale ndani. Nyumba moja haiwafai wote wawili. Amua unamhudumia nani, ndipo umtafute dalali.

Hatua ya 2: Hesabu kwa usiku

Tuseme pango ni 300,000 kwa mwezi, nawe unatoza 45,000 kwa usiku. Ukipata usiku 12, mkononi una 540,000. Inapendeza. Sasa toa: pango 300,000, intaneti 40,000, umeme 60,000, usafi na kufua 42,000 kwa wageni sita. Nusu ya hizo usiku zikiwa zimepitia mitandao ya kutafutia wageni kama Airbnb au Booking.com, na tuseme kamisheni ni 15 kwa mia, toa 40,500. Kinabaki 57,500, na hapo vitanda na friji havijaanza kurudisha pesa yake. Kwa hesabu hiyohiyo, usiku 10 bado unatoa mfukoni. Ndiyo maana namthamini sana mgeni wa wiki nzima hata nikimpunguzia bei: shuka nafua mara moja, na akirudi ananipigia mwenyewe.

Hatua ya 3: Karatasi

Mwenye nyumba akuruhusu kwa maandishi kupangisha tena kwa siku. Neno la mdomo halitoshi, maana akiona magari yanapishana getini atabadilika. Chukua TIN, uliza leseni halmashauri, jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Weka kitabu cha wageni: jina, kitambulisho, simu, anakotoka, anakokwenda. Kitabu hicho kifungie, kisikae mezani kila mtu asome namba za wenzake.

Hatua ya 4: Joto

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Juni yangu ya kwanza nilikuwa nimenunua makochi mazuri, televisheni kubwa, mapazia mazito. Mama mmoja kutoka Sumbawanga alifika usiku akitokea wodini. Alifungua bomba la bafuni, maji yakatoka ya uvuguvugu, kisha pakanuka plastiki inayoungua. Fundi alikuwa ameunga hita kwenye waya wa soketi, wa unene wa 2.5 (milimita za mraba). Hita ya kuogea ya kilowati 5.5 inavuta kama ampia 24, na waya ule ulishaanza kulainika ndani ya ukuta. Nilizima umeme, nikamchemshia maji kwa gesi, akaoga kwa ndoo. Nilimrudishia hela yake yote. Nikikumbuka kuwa angeweza kulala akiwa amechoka vile huku waya unaungua, moyo unaniuma hadi leo.

Kwa hiyo: hita iwe na laini yake kutoka kwenye mein swichi, waya usiopungua wa 4, wa 6 ukiwa safari ni ndefu, na swichi yake yenyewe. Erthi ipimwe. Simama hapo fundi akifanya kazi. Kisha fungua maji dakika kumi mfululizo na ushike ukuta kwa kiganja.

Kitandani weka blanketi mbili nzito, ya tatu iwe kabatini. Shuka ziwe seti tatu kwa kila kitanda, kwa sababu kuanzia Novemba hadi Aprili mvua haiachi nguo za kambani zikauke. Ziba nafasi chini ya mlango.

Hatua ya 5: Siku ya mgeni

Simtanki lijae. LUKU iwe na uniti kabla hajafika, maana umeme ukikatika saa nne usiku lawama ni yako. Ufunguo wa akiba akae nao mtu anayeishi jirani.

MASWALI YA WANACHAMA

Kaka, nina milioni tatu. Nianze na nyumba ya vyumba vitatu? (Makambako)

Anza na chumba kimoja na sebule, dada yangu. Pesa ibaki ya miezi mitatu ya pango. Mwezi wa kwanza mara nyingi hauna wageni.

Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni ya nani?

Ni ya mwenye nyumba. Kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, na wewe unayenunua umeme ndiye unayekatwa. Andikeni kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye pango. Pia kama nyumba iko kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, ukivuka uniti 75 kwa mwezi unapanda, na kwa hita utavuka.

Haya yanafaa Iringa?

Baridi ni ileile. Tofauti ni wageni wa Ruaha: wanafika jioni na kuondoka alfajiri. Wawekee chai ya kuchemsha wenyewe, na maegesho ya gari refu.

Mgeni akiomba jiko la mkaa aote chumbani nimpe?

Usimpe, mama, hata akikusihi. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu anasinzia na haamki. Mimi hata jiko lenyewe silihifadhi pale ndani. Mpe ile blanketi ya tatu, na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo aiweke miguuni.